Boti Niliyofutiwa Kazi

Leo nimekunywa chai ya matanga chini ya boti niliyofutiwa kazi.

Msicheke, ngojeni.

Miaka ya themanini nilikuwa natunza stoo ya kampuni ya helikopta. Zilipeleka watu kwenye mtambo wa mafuta baharini, kwa hivyo kila moja ilibeba boti ya mpira. Ukivuta kamba inajaa upepo yenyewe, na juu ina paa la turubai la rangi ya machungwa.

Moja ikapotea. Bosi wangu akaapa mbele ya wakubwa kwamba aliniona nikitoka nayo. Nikafukuzwa kama mbwa.

Mtaa wetu wa Makongeni mzima wakaniita mwizi wa boti. Boti, Nairobi hii! Ya kuvuka nini, Jogoo Road?

Sasa huyo bosi amekufa. Mke wangu akanisukuma niende matanga kwao Mbotela.

Mvua ikaanza. Kijana wa marehemu akaingia ndani, akatoka na turubai kuukuu, wakalifunga juu yetu. La rangi ya machungwa.

Nikainua macho. Namba ya helikopta yetu bado iko hapo!

Na emsii wa matanga naye: "Mzee Mutua, ulifanya kazi na marehemu. Tuambie juu ya uaminifu wake."

Nikasimama, nikaonyesha juu. "Hii ndiyo boti alisema niliiba."

Nikaketi, nikamaliza chai yangu.

Saa hii dada yake amenipigia simu, eti nimemwaibisha marehemu, kesho niende niombe msamaha.

Nitaenda. Lakini naenda kuchukua boti. Mmeniita mwizi wake miaka yote hii, basi nipeni.

Nani ana pikapu?