Kenge Wawili wa Baba

Sisi tuliokulia Subukia wakati maziwa yalibebwa kwa baiskeli tunajua Julai ilivyokuwa. Ulikanyaga umande kwa miguu mitupu mpaka shuleni, vidole vikafa ganzi, na mwalimu akakuambia uandike. Ukirudi nyumbani ulipata kiazi kitamu kilichochomwa jivuni, ukakipitisha mkono kwa mkono kabla ya kukiuma. Siku hizo zimenirudia sana tangu tumzike Baba. Ndugu zangu wanamkumbuka kwa kanisa na kwa ng'ombe wake. Mimi ninakumbuka kenge, na sijui ni kwa nini.

Baba alikuwa fundi wa mbao kwenye shamba kubwa lililokuwa la mzungu. Siku walipopunguza maji ya bwawa ili watoe matope, kenge wawili walitoka kwenye matete, kila mmoja mrefu kunishinda mimi wa darasa la nne. Wanaume wakaokota mawe. Baba, mtu aliyechinja kuku huku akiongea mambo mengine, akavua koti, akawafunika vichwa mmoja mmoja na kuwatia kwenye magunia. Alipofika nao nyumbani Mama alimuuliza ni wa nini. Akasema watahitaji nyumba. Hilo halikuwa jibu, lakini enzi zile mzee wa boma akikujibu hivyo, umejibiwa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya waya wa kuku. Waliichana kwa kucha kabla hatujamaliza chai. Ya pili aliijenga kama alivyojua kujenga: nguzo nzito, mbao kutoka chini hadi juu, karai la maji lililofukiwa ardhini, na mabati mapya juu yote, mnyama asinyeshewe. Majirani walikuja kuchungulia, wakawaita Mzee na Mathe, ingawa hakuna aliyejua yupi ni dume. Mama alisimama hapo mikono kiunoni.

"Baba Wambui, ng'ombe wangu wananyeshewa na hawa umewaezekea mabati. Nikizaliwa tena nitakuja nikiwa kenge."

Watu walicheka. Baba pia alicheka, lakini mabati hakuyatoa.

Kuwalisha ilikuwa kazi yangu. Niliwapelekea mayai, panya wa ghalani na matumbo ya kuku. Mathe ndiye aliyenizoea. Alikuwa anatoa ulimi wake mrefu akigusa hewa karibu na kidole changu, kisha anameza yai zima na kutulia kama mtu anayefikiria. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba ananijua. Hawakuniamini, na sina hakika kama mimi mwenyewe niliamini.

Julai ilipoingia waliacha kula. Baba alidhani ni baridi inayopenya, akaziba kila ufa kwa magunia. Humo ndani kukawa giza na baridi kama kisimani. Asubuhi moja tulimkuta Mathe amenyooka kwenye pembe, hasogei. Baba alinitazama.

"Wewe ndiwe unayemjua. Mshike. Amekufa?"

Nilimshika shingo na tumbo. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilikuwa nimechelewa shule, na niliogopa kumshika zaidi.

"Amekufa, Baba."

Tukamzika kando ya ua, Baba akachimba, mimi nikarudisha udongo kwa mikono.

Siku ya tatu Mzee naye akawa vilevile. Baba alimtoa nje, akamlaza juu ya bati karibu na zizi, akaitwa shambani kabla hajachimba. Jua la Julai ni haba, lakini siku hiyo lilitoka. Niliporudi kula chakula cha mchana Mzee alikuwa ameinua kichwa. Nilipomkaribia alipiga mkia, bati likalia.

Baba aliporudi nilimwonyesha. Alimtazama. Kisha akachukua jembe, akaenda hadi kando ya ua, akasimama pale tulipozika. Hakuchimba. Alirudi, akapanda juu ya ile nyumba na kung'oa nusu ya mabati. Mzee aliishi humo akiota jua mpaka bwawa likajaa tena, ndipo Baba akambeba kwa gunia na kumrudisha. Kuhusu Mathe hakusema neno. Hakuniuliza nilimshika vipi, na mimi sikumwambia kwamba sikumshika vizuri. Tuliishi hivyo mpaka Baba alipokufa.

Wiki jana nilimsimulia binti yangu, anayeishi mjini, mtaa wa Section 58, na kuagiza hata mayai kwa simu yaletwe na boda. Kabla sijamaliza, kidole chake kilikuwa tayari kwenye kioo cha simu.

"Mum, kenge hupata joto kwa jua. Akikosa anaganda tu, hajafa. Si mngeuliza?"

Nani? Tulikuwa na redio moja na baba mmoja. Watoto wa leo hawajui kukaa na jambo usilolijua, likazeeka nawe ndani ya nyumba moja. Sisi tulikaa nalo. Nikamwambia basi aiulize simu yake mnyama kama huyo, akiwa ameganda, anaweza kukaa chini ya udongo muda gani na bado awe hai.

Alicheka kidogo, akaanza kuandika. Nikaweka mkono wangu juu ya kioo kabla jibu halijatokea, na yeye akanitazama akingoja nimweleze sababu.