Mbao za Djugu Hazitaki Muziki

Musumeno ulipogusa chuma ndani ya ubao, mudogo yangu alikuwa anaimba. Yeye anasukuma ubao, mimi navuta ngambo ya pili ya meza, na nyuma yetu bafle, spika kubwa ya patro mwenye alituajiri, inapiga muziki mpaka mabati inatetemeka. Nilikuwa naangalia midomo yake inafuata wimbo. Jino moja la musumeno likavunjika, likaruka, likaingia mu jicho lake la kushoto. Hakulia. Alikaa chini polepole sawa mutu mwenye alichoka, mukono juu ya uso, na damu ikapita katikati ya vidole.

Patro alikimbia kuzima jenereta. Muziki ikakatika. Musumeno ukaendelea kuzunguka na nguvu yake ya mwisho, na ndani ya ule ubao kitu kikaanza kugonga. Ngo. Ngo. Ngo. Kila mara polepole zaidi, sawa mutu mwenye yuko ndani ya nyumba na anaomba wamufungulie.

Watu wananiuliza siye mafundi tunasikiliza nini tukiwa kazini. Hiyo inategemea mbao. Mbao ya pori, ile inatoka upande wa Mambasa, unaikata na redio, na kwaya, na mupira, na mabishano ya siasa. Karatusi ya Djugu unaikata kwa kimya. Hakuna mutu aliandika hiyo sheria, lakini kila atelie ya mbao ya Bunia inaijua. Ile miti ilisimama kando ya barabara, mbele ya makanisa na shule, na vita ilipita pale. Masasi, risasi za bunduki, iliingia, muti ukafunga kidonda, gome ikarudi, leo unaona mbao nzuri tu. Kwa hiyo fundi mumoja anapiga na nyundo ndogo, mwingine analaza sikio. Mbao safi inajibu mbali, mpaka kule mwisho wake. Mbao yenye chuma inajibu karibu na kwa kifupi, sawa mutu mwenye umemuuliza habari na hataki kusema.

Sasa niseme juu ya mama yetu, ju bila yeye hamutaelewa.

Kijiji chetu kilikuwa kule Djugu, karibu na njia ya Kilo. Asubuhi ile wanamugambo walipokaribia, wenye miguu mizuri tulikimbia. Miguu ya mama ilikuwa imevimba. Alibaki pamoja na wazee wengine na wamama wenye watoto wachanga, ju komanda wa kambi ya askari alisema wakusanyike mu kiwanja cha kanisa, yeye atawalinda. Hatukuwaona tena. Komanda aliambia familia: walivuka ziwa, wako Uganda, amani ikirudi nao watarudi.

Kwetu, kumufanyia mutu matanga wakati angali muzima ni kumuitia kifo. Basi hatukulia. Miaka yote hii mudogo yangu anatuma habari ngambo ya ziwa, anauliza mama mwenye miguu imevimba, mwenye anapenda kutafuna karanga mbichi. Mimi nilikuwa namuambia tufanye matanga. Yeye ananiita yaya, ju mimi ni mukubwa wake, ananijibu: "Yaya, weye unataka kuzika mama ju umechoka kungoja." Tulikuwa tunagombana juu ya hiyo, kisha tunashika ubao na kukata pamoja.

Patro alileta bafle wakati kazi ilipungua. "Atelie yangu iko kimya sawa morgue," alisema. "Client anafika ku mulango, anageuka."

Nikamuambia: "Patro, hii ni karatusi."

"Ni karatusi ya shamba ya hapa karibu. Muchuuzi ameapa. Weye ni fundi ao ni polisi?"

Na muchuuzi wa mbao alikuwa pale, anakunywa chai yetu. Alisema: "Hii miti haijasikia hata mutu akipiga chafya."

Mudogo yangu akacheka. "Yaya, acha tucheze kidogo. Hayo masikio yako itaota mizizi."

Tukaacha nyundo. Muziki ikaanza. Yenye ilifuata muliyaona ku mwanzo.

Kisha hospitali, na jicho halikupona. Nilirudi ku atelie kuchukua vyombo vyangu. Ule ubao ulikuwa bado juu ya meza. Nilipiga patasi mahali musumeno ulikwama, nikafungua polepole. Ndani kulikuwa tundu nyeusi, na ndani ya tundu munyororo, umefungwa na bolti ya baiskeli.

Nilikaa juu ya vumbi ya mbao. Ile bolti niliifunga mimi. Kanisa letu halikuwa na kengele, tulikuwa na jante ya camion, chuma cha gurudumu ya lori, yenye tulitundika na kugonga. Nilikuwa mutoto, muzee wa kanisa alinipandisha juu ya mabega yake nifunge munyororo wake ku karatusi ya kiwanja, na kufuli ilikosekana, nikatia bolti. Muti ukanenepa, ukameza munyororo. Hivi ule muti ulikuwa umelala mu Bunia, umekatwa vipande, na sisi tuliuchezea muziki.

Niliomba mwenye duka la pembeni azime redio yake. Nikaanza kupiga nyundo. Tok, inajibu mbali. Tok, mbali. Kisha tik. Pale naweka alama na makala, makaa ya kupikia. Nikichimba, mbao ni ya bluu nyeusi sawa wino imemwangika, na katikati yake sasi. Ubao unaofuata, tena. Nilishindwa kuendelea kuchimba, nikabaki kupiga tu na kuweka alama.

Kisha nilisimamisha mbao zote ku ukuta, moja kando ya ingine, vile zilikuwa ndani ya muti, munyororo juu ya kichwa changu mahali nilikuwa nimeufunga. Nikarudi nyuma kuangalia. Alama zote zilikuwa chini. Hakuna hata moja ilipita kitovu changu.

Mama mumoja wa kijiji chetu anauza makala mbele ya atelie. Bwana yake naye alibaki mu kile kiwanja. Aliingia kuniuliza hali ya mugonjwa, akaona mbao. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akaegemeza mugongo ku mbao. Alama zikafika ku mabega yake na ku shingo.

"Walikuwa wamekaa," alisema.

Akageuza kichwa, akalaza sikio ku mbao. Camion ilipita, ikaenda, na yeye bado yuko pale, macho wazi. Niliogopa. Nilimuuliza anasikiliza nini.

"Nyamaza, fundi," alisema.

Muchuuzi nilimukamata ku depo yake. Alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu. Miti yote ya kiwanja aliuziwa na komanda. "Alitaka pale pabaki wazi," alisema. "Mimi nanunua miti, sinunui habari yake." Chef wa kijiji alikubali miti ikatwe, ju walimupa mbuzi, akaikula. Patro wangu amenunulia mudogo yangu miwani nyeusi na bafle imerudi mahali pake. Hao wote nawataja, na majina yao iko ku midomo ya kila mutu wa barabara ile. Lakini wao walichuma tu mahali mwingine alikuwa amepanda.

Komanda amepanda cheo, anaishi hapa Bunia. Nilienda kumuona. Alinipa kiti, akasema tena vile alisema zamani: askari walipiga hewani, kutisha wanamugambo, raia walikuwa wamekwisha kuvuka. "Muzee, urudie mbao zako."

Nimezirudia. Mudogo yangu amezishika na mikono yake, alama moja moja, na hajazungumza tena juu ya Uganda.

Basi komanda, ninakuuliza weye, mbele ya watu wenye wanasoma. Ulisema hewani. Hewa gani inafika ku shingo ya mutu mwenye amekaa? Nani alisema wakae? Uje ku atelie, mbao bado ziko ku ukuta, nimekatala kuziuza. Uonyeshe mudogo yangu mama alikaa mbele ya ubao gani. Kisha utuambie mulimuzika wapi, tupate kwenda kumulilia.