Video Zangu Zilimponza Mume Wangu Darajani

Sitazunguka. Mimi ndiye niliyemponza mume wangu, na nusura niponze treni nzima na watu waliokuwamo. Nasema hapa kwa sababu kifua kimejaa, na mtaani sina wa kumwambia.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kasulu. Mume wangu nimwite Baba Neema, kwao ni Kibondo. Alipata kazi ya kulinda daraja la reli upande wa Uvinza, nami nikahamia naye kwenye chumba kimoja karibu na stesheni. Kazi yake ilikuwa kuangalia nani anapita pale, na kutembea juu ya mataruma kuona kama kuna mtu kagusa kitu. Mimi niliona ni kazi ya kukaa tu. Kwani pale kuna nini? Chuma na maji!

Upweke ulinizidi. Nikaanza kurusha video mtandaoni. Mwanzoni napika, nasuka nywele, hakuna anayejali. Siku niliyomrekodi Baba Neema kasimama darajani na treni inapita nyuma yake, jamani! Watu walimiminika. “Shemeji yetu wa reli!” Nikalewa sifa.

Kila nikimpelekea chakula, simu iko juu. Akaniambia, “Mama Neema, wakubwa hawataki picha hapa. Hapa si sebuleni.”

“Nani atakuja kuiba daraja, wewe?” nikamcheka.

Akadhani nimeacha. Sikuacha! Nilimrekodi akiwa amenipa mgongo.

Kulikuwa na mfuasi mmoja mwanamume. Hakukosa video hata moja. Akaanza kunitumia ujumbe, ananisifia mimi, anamsifia mume wangu. Halafu yakaja maswali. Analinda na nani? Mwenzake akienda kula, anabaki peke yake? Na mimi, mjinga wa mwisho, nilimjibu yote, kwa sauti yangu, nikicheka. Sikujiuliza hata siku moja: mtu anayependa video za ugali anataka nini na zamu za walinzi?

Mchana mmoja, mlinzi mwenzake kaenda kula, wanaume wawili wakatokea chini ya daraja na begi. Mmoja akaita, “Baba Neema! Mama Neema hajaleta chakula leo?”

Kama ndugu kabisa! Mume wangu akasita, akidhani ni watu wanaofahamiana nami. Kisha akaona yule mwanamume wa pili anapanda kwenye nguzo na lile begi. Akapuliza filimbi, akamfuata, akamshika. Wakampiga nondo mkono wa kulia. Hakuitoa filimbi mdomoni. Watu waliokuwa wakilima bondeni wakaja mbio na majembe, na wale wakakimbia, begi wakaliacha.

Na treni ya abiria ilikuwa njiani!

Ikasimamishwa stesheni ya nyuma, kina mama na watoto wakashushwa juani. Ndani ya begi kulikuwa na nini, sikuambiwa. Nilichoona, nilipofika pale mbio, ni kwamba askari aliyechungulia alirudi nyuma, akatufukuza sote. Mpaka leo sijui, na huko kutojua kunanila.

Mnadhani nilisema siku hiyo? Sikusema.

Polisi wakaanza kumtilia shaka mume wangu. Hao watu walijuaje jina lake? Walijuaje mwenzake anakula saa ngapi? Akachukuliwa, mkono una bandeji. Na kwa kuwa babu yake alikuja kutoka Burundi, ingawa yeye na baba yake ni raia wa nchi hii, maneno yakazagaa pale stesheni. “Si Mrundi yule? Atakuwa kawauzia.” Mtu aliyevunjwa mkono akiwazuia! Nami nimekaa kitandani nafuta video moja baada ya nyingine.

Mama mkwe akaja na basi kutoka Kibondo.

“Mwana wanje, mwanangu,” akaniambia, “wewe ndiye unayemjua mume wako. Nenda ukawaambie.”

“Nikawaambie nini, mama?”

“Kwamba hana marafiki wa namna hiyo. Kwamba mambo ya kazi yake hayatoki kwake.”

Maawe! Nikaangua kilio. Akadhani namlilia mwanawe, akanikumbatia. Akawa ananibembeleza mimi! Hapo nikashindwa. Nikamwambia kila kitu, kichwa kikiwa begani kwake. Nilisikia mikono yake ikiniachia taratibu. Hakunitukana. Alisema tu, “Vaa viatu.”

Kule polisi nikatoa simu, nikaeleza. Nilihojiwa mpaka ulimi ukakauka. Baba Neema alipoachiwa, alimwangalia mama yake, kisha mimi.

“Ni wewe?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Nilikuambia,” akasema. Basi. Akaondoka na mama yake.

Sasa yuko Kibondo, vidole viwili havikunjiki tena, kazi hana. Watoto wanaenda kwake likizo, na akipiga simu anaongea nao tu. Mimi nauza vitenge Kasulu. Yule mfuasi ukurasa wake ulipotea, na sijasikia kama kuna aliyekamatwa. Nikisikia treni imechelewa, nampigia jirani wa Uvinza hata kama sina la kusema. Mteja akiuliza ninakaa wapi, macho yanakimbilia mlangoni. Situlii!

Juzi nilipanda treni kwenda Tabora msibani. Tulipofika darajani, dada aliyekaa dirishani akatoa simu, akawa anamrekodi mlinzi, kijana mdogo tu, anampungia na kumwita.

“Mdogo wangu, zima hiyo,” nikamwambia.

“Kwani shida iko wapi, mama? Si daraja tu?”

Behewa limejaa watu, ningeanzia wapi? Nikageuza uso, treni ikavuka.

Mdogo wangu, huenda unasoma hapa. Na nyie wengine mnaorekodi reli, stesheni na walinzi wake ili mpate kusifiwa, nisikilizeni mimi niliyeunguzwa. Anayekuuliza mlinzi anakula saa ngapi si shabiki wako! Hujui ni nani, na hutajua mpaka amfikie mtu wako na kumwita kwa jina ulilompa wewe.

Ile video ifute, nakuomba. Yule kijana naye ana kwao.