Nondo Zisizoachia

"Umekata madirisha ya mtaa mzima," dada yake alisema, "hata banda la kuku wangu lingekuwa na dirisha ungelikata. Ila nyumba ya fundi cherehani tu, miguu yako haiijui."

Gundi hakuinua kichwa. Alikuwa anachomelea bawaba kwenye grili iliyolazwa juu ya matofali.

"Angalia pembeni, dada. Mwanga huu utakuumiza macho."

"Macho yangu yamezoea kuumia. Nimekuangalia wewe tangu unatambaa."

Alimlea kweli, ndiyo maana ulimi wake uliingia popote kwa mdogo wake bila kupiga hodi.

Hilo jina la Gundi hakulipata bure. Lori liligonga geti alilotengeneza siku moja. Lori likalala gereji siku tatu, geti likabaki linauliza nani kapita. Bati jembamba alilichomelea kwa gesi, polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Nondo na vyuma vinene alivichomelea kwa umeme, kijiti mkononi, cheche zikimrukia miguuni, kisha akagonga magamba ya juu ahakikishe chini hakuna tundu la kupita hata sisimizi. Watu walisema alichounganisha Gundi hakijui talaka.

Basi fundi cherehani aliibiwa cherehani. Akaja akataka dirisha la chumbani lizibwe, hata paka asipite. Gundi alijua kwamba grili ya chumba cha kulala huachiwa kimlango, chenye bawaba na kufuli kwa ndani. Ndilo somo la kwanza la kazi yake. Lakini bawaba zingemlia nusu siku, na mteja hakuuliza. Akanyamaza, akaziba.

Moto ulianzia jikoni, mchana kweupe, fundi akiwa kazini. Mkewe alikuwa kitandani na homa. Majirani walifunga kamba kwenye grili, wakavuta wanaume wanane. Nondo zilipinda kama miwa. Maungio hayakuachia hata moja. Gundi alikuja mbio na mashine ya kukatia begani, akakuta umeme wa mtaa mzima umezimwa kwa ajili ya moto huohuo. Akaitupa, akashika kamba akawa mtu wa tisa. Akavuta huku akiomba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kazi yake iwe mbovu.

Haikuwa mbovu.

Miezi saba imepita. Kila akimaliza kazi za wateja anazunguka nyumba kwa nyumba, anakata grili zake za zamani na kuzitia vimlango. Wengine wanamshukuru. Wengine wanamfukuza, wanadhani kala njama na wezi.

"Hukufika msibani," dada akaendelea. "Mazishi ulichungulia kwa mbali kama mwizi wa sanda. Nenda ukamwambie pole."

"Pole ni ya mtu aliyekuwa mbali, dada. Mimi nilikuwepo pale dirishani, kwenye kona zote nne."

"Basi kamwambie hilo."

Gundi akaweka kijiti chini. "Unajua anachowaambia watu? Kwamba kosa ni lake. Eti yeye ndiye aliyetaka lizibwe. Amekonda, suruali anazishonea wenzake, yake inamdondoka."

"Na wewe unamwacha abebe mzigo wa watu wawili."

"Nikimwambia atanichukia."

"Akuchukie. Angalau atalala usingizi. Wewe chuki itakuua? Umekula cheche miaka ishirini hukufa."

Gundi alicheka kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa shati uliojaa matundu ya kuungua.

"Kila nikifika kona ya kwao narudi. Nitaanzaje, dada? Nimwambie nilijua? Nilijua dirisha lile linataka kimlango, nikaona uvivu, nika..."

Dada alimshika goti kwa nguvu. Langoni alikuwa amesimama fundi cherehani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, mkono mmoja umeshika nguzo.

"Shikamoo, dada," alisema, lakini macho yake yalikuwa kwa Gundi.

Dada aliachia goti la Gundi, akainuka awapishe.