Chembe za Kijani Zilizotembea

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha biolojia katika shule ya wasichana karibu na Kitale, nilimshuku mwanafunzi kwa wizi wa mtihani. Alikuwa wa kidato cha pili, binti wa wakulima wa viazi waliohamia huku kutoka Mkoa wa Kati, mtu wa maneno machache.

Swali lilikuwa rahisi: tazama kwa hadubini seli ya jani la mmea wa majini, uchore unachokiona. Nilipozisahihisha, karatasi zilifanana. Ukuta wa seli, kiini, kloroplasti zile chembe za kijani, hata mitokondria, zile zinazovunja chakula kuipa seli nguvu. Nikawapa alama. Kisha nikaifikia karatasi yake. Hakuchora mitokondria hata moja. Alichora ukuta, chembe za kijani zimebanana pembeni, na mishale ikizunguka. Chini akaandika: zinatembea, zote upande mmoja.

Hilo halikuwa katika kitabu chetu. Nilipomwonyesha mkuu wa idara, alikunja uso.

"Huyo jibu ametoa mahali," akasema. "Siku moja kabla ya mtihani nilimwona akitoka laboratori peke yake. Na karatasi za mtihani si zilikuwa kwa kabati huko? Aliona swali, akaenda kutafutiwa jibu."

Tangu hapo kila alichofanya kilinitia shaka. Akicheka na wenzake, nilidhani ananicheka mimi. Kesho yake nikamwita.

"Nani alikwambia zinatembea?"

"Hakuna, mwalimu. Niliziona wiki ile tulitazama na darasa."

"Na laboratori ulienda kufanya nini?"

"Kuangalia tena. Nilidhani macho yananidanganya."

Sikumwamini. Nikampeleka laboratori, nikaweka jani kwenye kioo mwenyewe, asije akafanya ujanja. Nikainama kutazama. Kloroplasti zilikuwa zimetulia kama ndengu kwenye sahani.

"Ziko wapi hizo zinazotembea?"

"Maji ni baridi, mwalimu. Wacha lipate jua kidogo."

Nikaona anavuta muda. Hata hivyo tuliibeba hadubini hadi dirishani, tukangoja. Nilipoinama tena, chembe moja ilijitenga na kona, ikateleza kando ya ukuta. Nyingine ikafuata. Punde zote zilikuwa zikizunguka, zimebebwa na ute wa saitoplazimu, kama majani yanayochukuliwa na mto.

Nilitazama hadi shingo ikauma. Kule Kabuchai nilikosomea, hadubini ilikuwa moja, imefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Seli niliijua kwa chaki ubaoni, imekaa tuli, na hivyo ndivyo nilivyoifundisha. Na mitokondria, hadubini yetu haikuwa na nguvu ya kuzionyesha. Darasa zima lilichora kitu ambacho hakuna aliyekiona, nami nikawatuza. Aliyeangalia kweli ndiye niliyemwona mwizi.

"Nilikukosea," nikamwambia.

"Sawa, mwalimu," akajibu, bila kuinua macho.

Mkuu wa idara alikataa kuja kutazama. "Wewe mwamini tu," akasema, akaendelea kunywa chai yake. Nikampa msichana alama zote.

Muhula uliofuata alihamia dawati la nyuma. Nilipomuuliza swali alisimama, akanitazama kwanza kama anayepima ninataka nini, akajibu kwa sentensi moja, akaketi. Sikuwahi tena kumsikia akisema ameona kitu.