Risiti za Kuazima

Huku Chaani kila kitu huazimwa. Sufuria kubwa, viti vya matanga, ngazi, toroli, hata suti ya kwendea kuposa. Asiyetoa huitwa mchoyo, na jina hilo ukishapewa hapa, utazikwa nalo. Kwa hiyo Nyamvula, mshonaji wa ovaroli, alipoombwa kuazimisha risiti, hakuona jambo. Akaazimisha. Masikini ya Mungu, angejua!

Nyamvula ni mjane, watu humwita Mama Munga kwa jina la mwanawe. Ana cherehani mbili za umeme na kibanda cha kukodi, na wateja wake ni yadi za makontena na maghala ya upande wa Magongo. Hao siku hizi hawamlipi mtu bila risiti ya eTIMS, ile inayotoka kwenye mfumo wa watu wa kodi. Ghala moja kubwa likazidisha: likataka mshonaji aliyejiandikisha kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Sheria yasema mwenye kulazimika ni yule anayeuza milioni tano kwa mwaka. Nyamvula milioni moja yenyewe aliiona kwenye ndoto. Lakini alijiandikisha kwa hiari, kama njaa ni hiari.

Carolyne, binti wa saiba, kile kibanda cha intaneti, ndiye aliyemjazia fomu, na akamwonya. "Mama, kila mwezi kabla ya tarehe ishirini uniletee hesabu, uwe umeuza, uwe hukuuza."

Basi akashika kama anavyoshika saa ya ibada. Hakukosa mwezi hata mmoja.

Habari zikaenea kwamba Mama Munga ana risiti. Wa kwanza kuja alikuwa Kefa, fundi wa kuchomelea, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa ameitengenezea yadi mageti mawili, na malipo yamekwama.

"Nisaidie hii moja tu, Mama. Mimi mambo ya mfumo nayaogopa. Ukishaingia hutoki."

Nyamvula akabonyeza simu, risiti ikatoka kwa jina lake. Pesa zikaingia kwake, akamkabidhi Kefa zote, na ile kodi ndani yake, hakukata hata ya soda. Baada ya Kefa akaja Randu, mpaka rangi. Kisha Achieng, anayewapikia vibarua wa makontena. Na ile moja tu ya Kefa ikazaa, zikawa kumi na moja. Kanisani wakimsifu, naye akifurahi, nisimsingizie. Nani hapendi kusifiwa?

Hesabu za mwezi alipeleka zile za ovaroli peke yake. "Hizi nyingine si kazi zako," Carolyne alimwambia, na wote wawili wakaona hiyo ni haki. Nami pia ningeona hivyo.

Mwaka huu lile ghala likamwita. Ovaroli mia tatu! Tangu Januari alikuwa akishona viraka na kupunguza suruali, kodi ya kibanda miezi mitatu hajalipa. Kazi hii ndiyo ingemwokoa. Sharti lilikuwa moja, alete cheti cha kodi, cha kuonyesha hadaiwi, kabla ya Ijumaa. Carolyne akakiomba kwenye mtandao, kikakataliwa.

Kwenye ofisi ya kodi alikutana na binti mpole, akamkalisha vizuri, akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Risiti zote zilikuwa pale, mageti, rangi, vyakula, na kila moja ina jina lake. Makampuni yalikuwa yameziingiza kwenye hesabu zao, yeye hakuziingiza kwenye zake. Kodi pamoja na faini, laki tatu na themanini elfu.

"Lakini mimi sichomelei mageti, mwanangu. Nitazame mikono."

"Nakuamini, Mama. Lakini risiti ikiwa na jina lako, mauzo ni yako. Na kutoa risiti ya kazi usiyoifanya ni kosa lingine. Wenye kazi waandike barua, wasaini kwamba kazi ni zao, tuangalie upya. Bila hizo sina la kukufanyia."

Akatoka na matumaini, jamani. Aliwajua watu wake.

Randu alimpokea kwa shikamoo na chai ya maziwa, akaapa kwamba kesho asubuhi atakuja kusaini. Kesho simu yake ikawa imezimwa. Kefa hakuzima simu. Alisikiliza mpaka mwisho, macho chini.

"Nikisaini, deni linahamia kwangu?"

"La mageti yako, ndiyo."

"Nina watoto wanne, Mama."

"Na mimi je, Kefa?"

Kefa akachukua nyundo yake, akarudi kazini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku hiyo Nyamvula aliona jinsi watu wazima wanavyoweza kuutazama na wasiuone. Iliuma kuliko deni.

Alhamisi jioni akafika kwa Achieng. Huyu risiti yake ilikuwa moja, ya elfu kumi na nne. Achieng alifuta mikono kwa kanga, akaivuta ile barua aliyokuja nayo Nyamvula.

"Nisaini wapi?"

"Ukisaini watakufuata na wewe."

"Wacha wanifuate. Chakula nilipika mimi."

Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza. Nyamvula akatazama lile jiko, sufuria mbili, na mkeka waliolalia watoto. Saini hii ingempunguzia yeye elfu mbili hazitimii katika laki tatu na themanini, na ingemtia mwenzake kwenye mdomo wa mamba. Akamshika mkono, akaichana karatasi.

"Wacha, mwanangu. Mimi haitanifaa kitu, na wewe itakumaliza." Wakalia wote wawili, hakuna aliyemnyamazisha mwenziwe.

Ijumaa akapiga simu ghalani, akawaambia wampe mtu mwingine. Wakasema sawa.

Jumatatu mwenye kibanda akataka funguo zake. Cherehani zote mbili zilikuwa zimepata mnunuzi, na ni nzito, hazibebwi na mwanamke peke yake. Kefa akatokea bila kuitwa. Akazifunga kamba moja moja, kwa uangalifu, akazibeba mpaka kwenye mkokoteni, jasho linamtoka. Nyamvula akampa maji ya kunywa.

"Pole, Mama," Kefa akasema, bado hamtazami usoni.

"Asante, baba. Mungu akuzidishie."

Nyamvula akapokea kikombe chake, akaingia kibandani.