Kasha la Mashine na Herufi Nilizojifanya Nazijua

Jamani, haya nimeyaficha miaka mingi, na mpaka leo nikifika Tabora mjini nazunguka mbali ili nisipite mbele ya bohari ya mizigo pale stesheni, maana nahisi hata wachukuzi ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wananijua na wanacheka. Cheka na wewe ukitaka. Nimeshazoea.

Ilikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, sisi tumehamia kijiji kipya upande wa Puge, na mavuno mawili mazima tuliyauza kwa jambo moja tu: mashine ya kusaga kutoka ng'ambo, ili kina mama waipumzishe michi. Mimi ndiye nilikuwa katibu wa kijiji (mwanamke pekee pale aliyemaliza darasa la nane, na sikumwacha mtu asahau), na mwenyekiti wetu, Mzee Maganga, alishatamka mkutanoni kwamba mashine ikifika, msimamizi wake ni Kabula. Kabula ndiye mimi. Gauni la kusimamia mashine nilikuwa nimeshashona.

Siku moja dereva wa lori akatuambia kasha letu limefika Tabora. Sikumuuliza nani kamtuma. Nikapanda lori la kijiji mpaka stesheni, na karani wa mizigo, Bwana Festo, akanitandazia hati ya shehena juu ya meza, karatasi imejaa herufi kubwa kubwa: B/L, C.I.F., E.T.A., CNEE, N/P. Akaniuliza kwa upole, "Dada Kabula, hizi unazifahamu au nikueleze?"

"Nazifahamu kabisa," nikasema.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, wenzangu, kwa neno hilo tu, maana kusema "nieleze" kusingenipunguzia chochote, lakini nilikuwa nimevaa viatu vya mjini na kalamu iko kwenye nywele, nitaelezwaje? Basi nikainamia karatasi kama mtu anayesoma, na macho yangu yakagonga jina la Nasoro. Mzee Nasoro! Mwarabu mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye babu zake walifika Tabora na misafara ya pembe. Jina la kijiji chetu liko juu, mbele ya CNEE, na lake liko chini, mbele ya N/P, na mimi nikajiambia papo hapo: ahaa, sisi tumewekwa juu kama waliolipa, yeye kawekwa chini kama anayepewa.

Nikainua macho, na nani ninamwona kule ndani ya bohari? Yeye mwenyewe, kanzu nyeupe, analizunguka kasha letu, analigonga gonga kwa fimbo, kisha anampa mchukuzi kipande cha halua. Halua! Nikasema moyoni, hivi ndivyo watu wanavyonunuliwa. Sikusaini kitu. Nilimwambia karani nitarudi, nikapanda lori tupu, na njia nzima nilikuwa nakumbuka mambo ambayo sikuwahi kuyaona mabaya: kwa nini mzee yule huwa anatabasamu kabla hujasema shida yako? Kwa nini anamjua kila karani mjini?

Kijijini Mzee Maganga akapiga kengele ya mkutano. Nikasimama nikawaeleza wananchi zile herufi moja moja (Mungu anisamehe). Nikasema C.I.F. ni idhini ya siri ya kuhamisha mali, na E.T.A. ni kampuni ya Mwarabu, na kwamba mnyonyaji ameweka mrija kwenye mashine yetu kabla haijasaga hata kikombe kimoja. Bi Nshoma, bibi mmoja asiyejua kusoma, akanyoosha mkono.

"Kabula mwanangu, ulimuuliza karani?"

"Bi Nshoma, mwizi haulizwi," nikamjibu, na watu wakapiga makofi, na mimi nikayapenda yale makofi.

Kesho yake asubuhi kina mama thelathini walipanda lori na michi yao mabegani. Sikuwaambia wabebe michi, ila sikuwaambia waiache. Tulishuka stesheni kwa nyimbo na vigelegele, abiria wa treni wakaacha chai yao wakatufuata, na tulipoingia bohari tukamkuta Mzee Nasoro amekaa juu ya kasha letu. Amekaa kabisa, miguu inaning'inia! Damu ikanichemka. Shikamoo sikumpa.

"Shuka juu ya mali ya kijiji!"

"Marahaba, mwanangu," akaijibu shikamoo ambayo hakuipata. "Umechelewa. Bati la hapa linavuja, nimefunika mashine yenu kwa turubai langu siku tatu sasa. Yule dereva niliyemtuma hakufika?"

Bwana Festo alifungua jalada, akatoa barua, akanipa. "Soma kwa sauti, dada. Wewe ndiye msomi."

Mwandiko ulikuwa wangu. Mkia wa herufi "g" nilioufundishwa shuleni, ule ule. Nikasoma mbele ya kina mama thelathini na abiria wa treni: "Kwa kuwa kijiji chetu hakina sanduku la posta, tunaomba shehena ikifika aarifiwe Ndugu Nasoro wa Tabora, ambaye amekubali kwa hisani yake kutuletea habari." Na sahihi chini, katibu wa kijiji. Nilikuwa nimemwomba mimi mwenyewe, mwaka uliopita, barazani kwake, na kahawa yake nikanywa vikombe viwili.

"CNEE ni mpokeaji, ndiyo ninyi," karani akawaambia kina mama. "N/P ni wa kuarifiwa tu."

Kisha sauti ya Bi Nshoma: "Na ile C.I.F.?"

"Ni bei pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini, bibi. Na E.T.A. ni siku ambayo meli inatazamiwa kufika."

Mmoja akaguna, wa pili akacheka, kisha bohari nzima ikacheka, na michi ile ile iliyokuja kupigana ikatumika kulisukuma kasha hadi kwenye lori. Mimi nilibaki nyuma. Nilimpa Mzee Nasoro shikamoo yake nikiwa nimepiga magoti, na machozi yalinitoka, sidanganyi, kwa sababu alinijibu kwa sauti ile ile ya siku zote.

Mashine ilisaga. Msimamizi akawa Bi Nshoma. Mzee Maganga alisema anataka mtu anayeuliza. Mimi nilipanga foleni na debe langu la mahindi kama wengine, nimevaa lile gauni, na kina mama wakiniita Mama Sii-Ai-Efu.

Kabla mwaka haujaisha Mzee Nasoro alifika kijijini mwenyewe na karatasi mkononi, vipuri vya mashine vimewasili. Akaninyooshea pale foleni, watu wote wanatazama, "Mwanangu, hizi herufi unazifahamu?"

"Sizifahamu, baba," nikasema. "Nieleze."